Shemeji Aliyeruka Ukuta

Kama umewahi kupita mtaa wetu wa mwisho, ule unaopakana na uzio wa hifadhi, basi Mama Kufuli amekuona. Wewe huenda hukumwona. Yeye alikuona, akajua umebeba nini, na kama ulirudi na mzigo mwepesi zaidi alijiuliza mwingine umemwachia nani na kwa sababu gani. Mimi ni jirani yake. Nashona sare za shule barazani kwangu, ukuta kwa ukuta na yeye, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumrudishia ungo wake asiugeuze juu chini kuhakikisha ndio ule ule alioniazima. Mwanzoni nilikuwa nanuna, baadaye nikazoea.

Jina la Kufuli tulimpa sisi majirani, naye akalipokea bila ugomvi, maana lilimkaa. Kabati la vyombo lilikuwa na kufuli. Ndoo ya sukari ilikuwa na kufuli. Choo cha uani kilikuwa na kufuli, na ukibanwa na haja ukiwa kwake ilibidi kwanza ujieleze. Hata chumvi, jamani, chumvi! Funguo zote alizitunga kwenye kamba moja shingoni, na alipotembea zililia, kwa hiyo hakuweza kumnyatia mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake pekee kwetu. Marehemu mumewe, fundi mwashi aliyependa mzaha kuliko chakula, alikuwa akisema, "Mke wangu angejua pa kutoboa, angeufungia usingizi wake kufuli, asije mtu mwingine akaulala."

Usidhani alizaliwa hivyo. Ujanani alikuwa na genge la maziwa na mayai, yeye na shoga yake, chanda na pete. Siku moja alikwenda kumzika shangazi yake, akarudi akakuta genge jeupe, hakuna yai, hakuna ndoo, hakuna shoga. Hata mizani ilikuwa imeondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye tangu siku hiyo kila alichokiona kilikuwa unyasi. Aliniambia mara nyingi kwamba mtu baki hawezi kukuibia, maana hajui unapoweka. Anayekuibia ni yule uliyempa kiti.

Baada ya genge alianza kufuga mbuzi wa maziwa. Mume alimjengea zizi la mabanzi, refu kupita kichwa cha mtu, nusu limeezekwa bati na nusu limeachwa wazi ili wanyama wapate jua. Mlango ulikuwa wa bati zito, na juu yake likaning'inia kufuli kubwa la shaba, mfalme wa makufuli yote ya nyumba ile. Kila mbuzi alivaa ukosi wa kitambaa niliomshonea mimi kutokana na mabaki ya sare. Walipotoka asubuhi wamepangana na draft zao, miraba ya bluu na nyekundu, ungedhani wanawahi kengele ya shule. Mama Kufuli aliwajua kwa sauti, kwa kikohozi, kwa namna kila mmoja alivyokanyaga. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, na mume alipofariki, mbuzi wale ndio waliomfanya aamke.

Alibaki na watu wawili wa upande wa mume. Mmoja ni mama mkwe wake, tuliyemwita Bibi, aliyekaa chumba cha uani chenye dirisha linalotazama zizi. Mwingine ni mdogo wa marehemu, fundi baiskeli wa njia panda, ambaye watu wote walimwita Spoku, kama ule waya wa gurudumu, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Kaka yake alipokuwa mgonjwa alimpa Spoku ufunguo wa pili wa zizi, akamwambia awe anawaletea mbuzi majani. Spoku hakukosa. Kila alasiri alikuja na baiskeli imefunikwa na majani mpaka huoni magurudumu, akaingia bila hodi, akafungua zizi, akawalisha, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji.

"Shemeji," angesema huku akinywa, "leo umefungia mpaka harufu ya chakula? Nimeinusa pua imeniuma."

"Nenda kaoe, upikiwe kwako."

"Nitaoa. Nikishaoa utanililia."

"Nitakulilia kwa lipi, wewe mkia wa kima?"

Na mimi huko barazani nilisikia Mama Kufuli akicheka. Si mtu wa kucheka ovyo. Spoku ndiye mtu pekee duniani aliyejua sufuria iko wapi katika nyumba ile na akaruhusiwa kuifunua.

Sasa mwaka ule Spoku akachumbia kweli. Binti aliuza katika duka la dawa karibu na kituo, mpole, mwenye macho ya kusikiliza. Baba yake hakuwepo, mambo yote yalishikwa na mjomba wake, mzee wa kofia na pikipiki, mtu wa maneno machache. Wakakubaliana mahari italipwa baada ya mavuno. Na msimu huo huo, kama vile mambo yamepangwa na adui, mbuzi wakaanza kupotea.

Wa kwanza alikuwa mtamba mweupe. Asubuhi Mama Kufuli alikuta kufuli limefungwa, mlango haujaguswa, damu hakuna hata tone, na mbuzi mmoja hayupo. Mtaa mzima ulisema chui. Chui walikuwa wamezidi upande wetu. Kwa muuza mkaa walikuwa wamechukua kondoo, kwa mwalimu mstaafu mbwa. Mama Kufuli alisimama katikati ya zizi, mikono kiunoni.

"Chui mwenye ufunguo?" akauliza.

Akaitwa askari wa wanyamapori, huyo tuliyempa jina la Bwana Nyayo, kwa sababu swali lake lilikuwa moja tu popote alipoitwa. Alifika, akainama, akatembea akiwa ameinama kuzunguka zizi lote. Ndani mbuzi walikuwa wamekanyaga kila mahali. Nje ni changarawe ngumu, hata tembo angepita asiandike kitu.

"Nyayo ziko wapi?" akasema.

"Wewe ndiye mtafuta nyayo, waniuliza mimi?"

"Bila nyayo hakuna chui, mama. Na bila chui hakuna fidia."

"Kwa hiyo mbuzi wangu kapaa?"

"Mimi sijasema kapaa." Akajipangusa magoti. "Mimi nasema hivi: watu wa huku wanauza mnadani Jumamosi, Jumatatu wananiletea chui."

Maneno hayo yalituchoma. Lakini na sisi hatukuwa wema kwake. Kulikuwa na habari, zimeenea mpaka kanisani na msikitini, kwamba gari lao lenye turubai hutushushia chui kutoka hifadhi nyingine, ili sisi tuchoke tuhame. Hakuna aliyekuwa ameona hata mkia, ila kila mtu alimjua mtu aliyeona. Nami niliamini nusu. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi kando ya ule uzio, askari anatudhania wezi, sisi tunamdhania mchawi wa chui, na mbuzi wanaendelea kupungua.

Wa pili alikuwa beberu. Siku hiyo, kabla jua halijachomoza sawasawa, Mama Kufuli alitoka akamkuta Bibi amekwisha kuketi kwenye kigoda chake mlangoni, fimbo magotini, macho kwenye zizi.

"Mama, umeamkaje?"

Bibi hakujibu salamu. Alielekeza fimbo zizini. "Shemeji huyo," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Karuka ukuta, kaondoka na beberu."

"Shemeji?"

"Shemeji, nani mwingine?"

Halafu, na hili Mama Kufuli alinisimulia mara zisizo na idadi, yule mama mzee akashtuka, akajifunika mdomo na mtandio wake, akatazama chini. Aliulizwa tena, akasema labda macho yake yamezeeka. Aliulizwa mara ya tatu, akasema anataka chai. Toka hapo hakumtazama mkwewe usoni siku nzima.

Mama Kufuli alikuja kwangu funguo zikilia kuliko kawaida. Akavuta kigoda, akakaa karibu mno na cherehani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

"Nani tena?"

"Spoku."

Niliacha kukanyaga. "Wacha bwana. Spoku huyu anayeleta majani?"

"Majani ndiyo kisingizio chake cha kuja kuhesabu. Sikiliza, jirani. Ufunguo anao. Mahari anatafuta. Na mama yake mzazi kamwona, kanitajia, kisha kaona aibu ya mwanawe kajiziba mdomo. Sasa wewe unataka nini tena, picha?"

Nilitaka kumbishia. Alikuwa amepanga kila kitu kwa mstari kama anavyopanga makopo yake, na kila kopo lina mfuniko. Nikamwambia tu aende taratibu, mtu anataka kuoa, jina lake lisichafuke. Akanikata jicho.

"Na wewe umeanza kumtetea lini?" akauliza.

Basi. Hata mimi nikawa unyasi.

Alinunua kufuli jipya bila kumwambia mtu. Alasiri Spoku alifika na mzigo wake, akachomeka ufunguo, haukuingia. Akacheka.

"Shemeji, kufuli limekufa?"

"Limezaliwa jingine."

"Na ufunguo wangu mimi?"

"Majani weka hapo nje. Nitawapa mwenyewe."

Nilikuwa napindisha ukosi wa shati, nikainua kichwa. Spoku alikuwa bado anatabasamu, akingojea mzaha umalizike. Alipoona haumaliziki alishusha majani, akayapanga vizuri kando ya mlango, akapanda baiskeli. Mtungini hakwenda. Kesho yake alileta tena majani, na keshokutwa, akiyashusha nje na kuondoka. Mama Kufuli alihesabu hilo nalo kuwa ni hatia, akisema mtu msafi angeuliza kosa lake.

Kisha akapotea mbuzi wa tatu, wa ukosi wa bluu, aliyekuwa anakaribia kuzaa. Kufuli jipya, ufunguo mmoja tu, uko shingoni mwake. Nilishukuru Mungu, nisiseme uongo. Niliona sasa shaka itaisha.

"Umeona?" nikamwambia. "Spoku hana ufunguo tena. Si yeye."

"Fundi huyo!" akajibu. "Mtu anayenyoosha spoku atashindwa kuchonga ufunguo?"

Hapo nikajua hakuna ushahidi utakaomtoa, maana kila ulicholeta alikigeuza kikawa upande wake. Hasira zilinipanda. Nilimwambia kwamba siku moja atajishuku yeye mwenyewe, ajifungie nje. Hakunisemesha mpaka siku ya kikao.

Kikao alikiita Jumapili mchana, sebuleni kwake. Alifungua kabati mbele yetu, akatoa vikombe, akalifunga tena. Tulikuwa mwenyekiti wa mtaa, Bibi, Spoku aliyekuja na mikono bado ina grisi, na mimi niliyeitwa kwa sababu dirisha langu linatazama lango lake. Tumeanza tu, pikipiki ikazima nje. Akaingia mjomba wa yule binti, kofia mkononi. Hakualikwa. Alisema amekuja kusikiliza tu, maana maneno yamemfikia nusu nusu na yeye hapendi nusu. Mwenyekiti alijaribu kumwambia ni mambo ya kifamilia. Mzee akajibu kwamba na yeye ndiyo anataka kujua anaingia katika familia gani.

Spoku alipomwona alikaa wima. Nilimwona akiificha mikono yake michafu katikati ya magoti.

Mama Kufuli alizungumza bila kupaza sauti. Angepiga kelele tungesema ni hasira. Alieleza mtamba, beberu, yule wa mimba. Alieleza kufuli la kwanza na la pili. Alieleza mahari, kwa upole, kama anayemsikitikia. Kisha akasema, "Mimi ni mkwe, huenda nina chuki. Basi mwulizeni mama yake mzazi. Aliniambia kwa kinywa chake, Shemeji karuka ukuta kaondoka na beberu. Mimi katika nyumba hii nina shemeji mmoja tu."

Mjomba akamgeukia Bibi.

"Mama, samahani. Ulisema hivyo?"

Bibi alikuwa anasokota pindo la mtandio wake. "Nilisema," akajibu kwa sauti ndogo.

"Kwamba shemeji ndiye aliyechukua?"

"Nilisema. Lakini..." Na hapo akamtazama mkwewe, akanyamaza.

Mzee aliingojea ile lakini, naona aliingojea kwa haki kabisa. Haikuja. Akavaa kofia. "Inatosha," akasema. "Mtu anayefungia hata chumvi hawezi kuibiwa asijue ni nani. Tunawashukuru kwa kutuokoa mapema." Akatoka. Tukasikia pikipiki ikigoma mara moja, ikawaka, ikaondoka.

Spoku hakuwa akimtazama mjomba. Alikuwa anamtazama mama yake, mdomo wazi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka kitu sasa hivi. "Mama," akasema. "Mama, waambie. Waambie haraka."

"Nitasemaje mwanangu, mbele ya mkwe?"

"Sema tu! Mtu anaondoka na maisha yangu!"

Ndipo mama mzee akasema, akiitazama sakafu. Zamani, marehemu akiwa hai, chui alipopita hawakumtaja kwa jina lake karibu na mbuzi, ili watoto wa jirani wasiogope. Marehemu alimpachika jina la utani. Alimwita Shemeji. Kwa nini Shemeji? Bibi akajifunika uso. Kwa sababu kaka yake Mama Kufuli, enzi zile kabla hajahamia mbali, alikuwa akija bila hodi siku zinapopikwa nyama, anachagua mnofu, anaondoka bila kuaga. Marehemu na mama yake na mdogo wake walicheka hivyo kwa siri, huko zizini, miaka nenda miaka rudi. Mbele ya Mama Kufuli neno hilo halikutamkwa hata siku moja. Kumtania mtu ndugu yake mbele yake, tena mkwe, ilikuwa ni kumvunjia heshima. Asubuhi ile Bibi alitishika, neno likamponyoka. Akajiziba mdomo kwa kuona amemtukania mkwewe kaka yake.

Mwenyekiti aliangua kicheko. Kisha akatazama mlango ulioachwa wazi na yule mzee, akakikata. "Mdhaniwa ndiye, kumbe siye," akasema, akakohoa.

Nami nikajiuliza palepale lilitupitaje. Mama gani humwita mwanawe shemeji? Angesema mwanangu. Angesema shemeji yako. Bibi alisema Shemeji, basi, kama mtu anavyotaja jina. Mama Kufuli alilisikia kwa sikio lake mwenyewe, la mke wa kaka, na sikio hilo lilikuwa tayari linamngojea mwizi wa nyumbani.

"Kaka yangu," Mama Kufuli akasema polepole. "Miaka yote hiyo mnamcheka kaka yangu." Nilimwonea huruma, kwa kweli. Alikuwa ameumia mara mbili kwa neno moja, na hakujua alie kwa lipi. Spoku alikuwa amekwisha kutoka mbio kuifuata pikipiki. Alirudi baada ya muda, vumbi mpaka magotini, peke yake.

Kesho yake Spoku aliegemeza ngazi kwenye zizi upande ulio wazi, akapanda. Kule juu, kwenye ncha za mabanzi, palikuwa na mikwaruzo mirefu mipya na manyoya yamenasa kwenye msumari. Akaitwa Bwana Nyayo. Kwa mara ya kwanza tulimwona mtu huyo akiinua kichwa. Alipanda, akashuka, akavuka uzio na wenzake. Mchana alirudi na ukosi wa draft za bluu, umechanika, walioukuta kwenye panda ya mti pamoja na mifupa. Mama Kufuli aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu milango, yule mama, na siku zote hizo hakuna aliyekuja kwa mlango.

Alinifuata jioni hiyo hiyo. Hakukaa.

"Nisindikize," akasema. "Naenda kulirudisha neno langu."

Tulikaribishwa vizuri kwa mjomba, tukapewa viti. Mama Kufuli alieleza yote, hata la kaka yake, na najua lilimgharimu. Alitoa ule ukosi akauweka mezani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "jana ulisema ndiye. Leo wasema siye. Wamekuja ndugu wa mume wakakukalisha chini, sivyo?"

"Hakuna aliyenikalisha! Nimekuja kwa miguu yangu."

"Hata mimi ningesema hivyo. Mjane anaishi na wakwe, ataishi vipi akigombana nao?" Akausukuma ule ukosi kwa kidole, kidogo tu. "Kitambaa kinaweza kuwekwa juu ya mti na mtu yeyote. Maji yakimwagika hayazoleki, mama yangu. Mimi nina binti mmoja wa dada yangu, sitamjaribia bahati."

Njiani Mama Kufuli alisema mara moja tu. Alisema, "Anazungumza kama mimi."

Nilipita duka la dawa wiki hiyo kununua dawa ya kikohozi. Yule binti alinipa chupa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikamweleza ukweli wote, palepale, watu wakinisukuma kwa nyuma. Akasikiliza na macho yale yake. "Mjomba amekwisha sema," akaniambia, akanirudishia chenji. Kabla mvua hazijakatika tulipata habari ameposwa na mtu mwingine, dereva wa lori.

Zizi lilihitaji wavu juu, la sivyo mbuzi wote wangekwisha. Mama Kufuli alimtumia Spoku salamu kupitia kwangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Alikuja. Alikuja asubuhi na robota la wavu wa waya na ngazi begani, akasimama nje ya lango akapiga hodi. Lango lilikuwa wazi. Alipiga hodi mpaka akakaribishwa.

Alifanya kazi kutwa, nami nikishona nilimwangalia. Ulikuwa ni ufundi mzuri, wa kukaza na kukazia tena, kila kona akiivuta kwa mkono kuona kama itampinga chui. Bibi alitoka akaketi karibu na ngazi, akimpa misumari mmoja mmoja. Mama Kufuli alipika kama anayetarajia msafara. Milango ya kabati niliisikia ikigongana, na sikusikia kufuli hata moja.

Spoku aliposhuka, alinawa kwenye bomba la nje.

"Shemeji, karibu chakula," Mama Kufuli akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo.

"Asante, mama. Nimeshakula."

"Mama? Tangu lini mimi nimekuwa mama yako?"

"Mwenye nyumba namwita mama. Wateja wangu wote nawaita hivyo." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa nafuu. Yule mwanamke alikuwa amesimama pale akiyangoja matusi kama mgonjwa anavyongoja dawa. "Kazi imekwisha. Waya ni bei hii, ufundi ni bei hii."

Bei ilikuwa ya haki, ya mtu baki. Mama Kufuli aliingia ndani akatoka na fedha, na hata mimi kutoka barazani niliona zimezidi. Spoku hakuzipokea. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akageuka upande wangu.

"Dada jirani," akaita, "samahani, hebu sogea hapa kidogo. Nataka uwe shahidi. Uone ananipa mwenyewe, kwa mkono wake."

Niliweka shati chini, nikaenda, maana ningefanyaje. Tukasimama watatu katikati ya ua. Spoku alichukua zilizo zake, akamrudishia zilizozidi kiganjani, akakifumba kile kiganja vidole kwa vidole ili zisianguke. Akamuaga mama yake, akabeba ngazi, akatoka na kutuvutia lango.

Mama Kufuli alibaki amesimama, ngumi ile bado ameifumba kama alivyofumbiwa.

"Umeona?" akaniuliza, bila kunitazama.

Nikamwambia nimeona.